Hati Iliyokatwa Kama Wimbi



Msikilizaji mmoja wa Tanga, ambaye kazi yake ni kuangalia mashua za matanga za wageni wanaotia nanga pale, ameniletea barua yenye swali moja tu. Anasema wageni wake wengi wamewahi kupita bandari za Afrika ya Kaskazini, na kila mmoja ana lake. Huyu atasema Tunisia ni salama na gharama zake ni nafuu. Yule atasema usithubutu kuikaribia pwani ile, maana tangu zamani ni pwani ya maharamia. Anauliza: mkweli ni nani?

Nitamjibu, lakini hapana budi nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1516 mabaharia wawili, ndugu wa tumbo moja, Oruç na Hayreddin, waliingia Algiers kwa mwito wa wenyeji. Wahispania walikuwa wamejenga ngome kwenye kisiwa kilichoko mbele ya mji, na mizinga yao ikiwatazama watu mlangoni mwao. Oruç aliuawa mwaka 1518. Hayreddin akajiweka chini ya Sultani wa Uturuki, na mwaka 1529 akaiteka ile ngome, akaibomoa, na mawe yake yakasaidia kuunganisha visiwa na nchi kavu. Hivyo ndivyo Algiers ilivyopata bandari ya maana. Mfalme Charles wa Tano alipokuja kuikomesha mwaka 1541, dhoruba ilizivunja meli zake nyingi kabla hajauteka mji.

Tangu hapo, kwa karne mbili na zaidi, miji ya Algiers, Tunis, Tripoli na Salé ya Moroko ilijipatia sehemu ya riziki yake kwa kuwinda meli baharini. Mali iliuzwa, watu walifanywa watumwa au wakasubiri fidia kutoka kwao. Mwandishi Cervantes wa Hispania alikaa Algiers mateka miaka mitano, 1575 hadi 1580. Hayo ni kweli, na sioni sababu ya kuyafunika.

Lakini ni nusu ya habari. Upande wa pili wa bahari, Mashujaa wa Mtakatifu Yohana pale Malta walikuwa wakifanya biashara hiyo hiyo dhidi ya meli za Waislamu, na soko lao la watumwa lilidumu mpaka Napoleon alipokitwaa kisiwa mwaka 1798. Ukienda leo Livorno, Italia, utaona sanamu ya mtawala wa zamani imesimama karibu na bandari, na chini ya miguu yake watu wanne wa shaba waliofungwa minyororo. Mji mzima unawaita Wamoro Wanne. Wale waliokuwa na makasia mikononi walitoka pwani zote mbili, ila jina la uharamia lilibaki pwani moja.

Sasa nije kwenye jambo linalomhusu msikilizaji wetu: nahodha wa meli ndogo aliyetaka kupita salama alifanya nini? Alinunua karatasi.

Kuanzia mwaka 1662, Waingereza walipofanya mkataba na Algiers, ilibuniwa hati ya ajabu kidogo. Ilikuwa ya ngozi iliyotengenezwa kwa kuandikia, na sehemu yake ya juu ilichorwa meli. Hati ilikatwa vipande viwili, tena haikukatwa kwa mstari ulionyooka, ila kwa mstari wa kupinda na kupanda kama wimbi. Kipande cha chini alipewa nahodha wa meli ya biashara. Vipande vya juu vilipelekwa kwenye bandari za Afrika ya Kaskazini wakagawiwa manahodha wa kule. Meli mbili zikikutana baharini, watu wa Algiers waliruhusiwa kupandisha wawili tu, mbali na wapiga makasia. Hao wawili waliweka kipande chao juu ya kile cha mgeni. Mawimbi yakikaa sawasawa, safari njema. Yasipokaa, mgeni amepatikana. Hakuna aliyehitaji kujua kusoma Kiingereza, na mimi huiona hiyo kuwa akili kubwa kuliko baadhi ya fomu tunazojaziwa leo.

Bila shaka ujanja haukukosekana. Hati ziliuzwa kwa meli za mataifa mengine, na bendera ya Uingereza ikapeperushwa na watu ambao hawajawahi kuiona London. Lakini utaratibu wenyewe ulifanya kazi zaidi ya miaka mia moja, na tutazame vizuri maana yake. Haramia wa kawaida hana kabati la kuwekea nakala za hati. Ile ilikuwa serikali inayotoza. Sweden ilifanya mkataba na Algiers mwaka 1729, Denmark mwaka 1746, na malipo yao mara nyingi yalikuwa milingoti, kamba, baruti na mizinga. Yaani aliyelipa alimpa mwindaji vifaa vya kuwawinda wasiolipa. Sina hakika kwamba wakubwa walilichukia sana jambo hilo, kwa sababu mshindani wao mdogo ndiye aliyenaswa.

Mji wa Hamburg ni mfano mzuri. Ulikuwa na meli nyingi, lakini jeshi la maana haukuwa nalo. Mwaka 1624 ukaanzisha mfuko wa kuwakomboa mabaharia wake waliotekwa, na mabaharia wenyewe wakauchangia. Ni bima ya mtu wa kawaida, kama vile vyama vyetu vya kuzikana. Mwaka 1751 Hamburg ikapata mkataba wake na Algiers. Hispania ikakasirika, ikapiga marufuku biashara na Hamburg, na mji ule ukalazimika kuuvunja mkataba kabla haujaonja faida yake.

Wamarekani nao walipata somo lao. Walipokuwa koloni, walisafiri kwa hati za Mwingereza. Walipopata uhuru, hati zile hazikuwa zao tena. Sultani wa Moroko, Sidi Mohammed bin Abdallah, alikuwa amewafungulia bandari zake tangu Desemba 1777, lakini hawakuharakisha kumjibu. Basi mwaka 1784 watu wake wakaikamata meli moja, iliyoitwa Betsey, akaishikilia ili wakubwa wake wazungumze. Wakazungumza, na mwaka 1786 mkataba ukapatikana. Algiers haikuwa na upole huo. Mwaka 1785 ilizikamata meli mbili zenye watu 21, na waliosalia kati yao wakakaa utumwani zaidi ya miaka kumi. Mkataba wa mwaka 1795 uliigharimu Marekani dola 642,500, na juu yake vifaa vya meli kila mwaka vyenye thamani ya dola 21,600. Mwaka 1800 manowari ya Marekani ililazimishwa kumpelekea Sultani wa Istanbul zawadi za Dei wa Algiers, pamoja na wanyama wa porini, huku bendera ya Algiers ikiwa mlingotini. Taifa hilo likaamua kwamba kujenga manowari ni nafuu kuliko kulipa, na vita vya Tripoli vikaanza mwaka 1801.

Sisi wa pwani hii hatupaswi kushangaa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na mizinga, akamtoza mtawala wake dhahabu. Sehemu ya dhahabu hiyo ilitengenezewa chombo cha kanisa ambacho kipo Lisbon hadi sasa. Baadaye Wareno wakawataka wenye majahazi wa Bahari ya Hindi wanunue hati ya njia kutoka kwao, na jahazi lisilo na hati lilikuwa halali yao. Hati ile na ile ya Algiers ni ndugu. Ila katika vitabu tulivyosomeshwa, mmoja aliitwa mvumbuzi na mwingine haramia.

Na yupo ambaye hakuwa na hati yoyote. Katika miji hiyo hiyo ya Tunis na Tripoli waliletwa watumwa weusi kwa misafara ya jangwani. Mateka wa Hamburg alikuwa na mfuko wake, Mkatoliki alikuwa na mapadri wanaokusanya fidia, Mwingereza alikuwa na konseli. Mtu aliyetolewa ng'ambo ya Sahara hakuwa na wa kumtumia barua. Alingoja mpaka Ahmed Bey wa Tunis alipopiga marufuku utumwa mwaka 1846, na kwingineko akangoja zaidi.

Mwisho wa mambo haya ulikuja haraka. Mwaka 1816 manowari za Uingereza na Uholanzi ziliipiga Algiers kwa mizinga na mateka wakafunguliwa. Mwaka 1827 Dei Hussein, akidai deni la ngano ambayo Ufaransa ilikula na haikulipa, alimpiga konseli wa Ufaransa kwa usinga. Mwaka 1830 Ufaransa ikaja na jeshi ikaitwaa nchi, ikakaa miaka 132. Deni la ngano hutajwa kwa nadra kuliko usinga.

Sifa mbaya lakini ilibaki. Mwaka 1895 Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya matanga, alifika Gibraltar akikusudia kupita Mfereji wa Suez. Maofisa wa Kiingereza wakamwonya juu ya maharamia wa pwani zile. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani kwenye pwani ya Rif, Moroko, meli zilizokosa upepo zilikuwa bado zinaporwa. Slocum akageuza omo, akavuka tena Atlantiki. Anaeleza kwamba alipotoka tu Gibraltar alifukuzwa na chombo cha pwani ile, na kwamba mlingoti wa waliomfukuza ulivunjika kabla hawajamfikia.

Basi nimrudie msikilizaji wa Tanga. Wageni wake wanaosifu Tunisia wana haki. Kwa miaka mingi Wazungu wengi wameziacha mashua zao Monastir wakati wa baridi kwa sababu gati ni rahisi kuliko ng'ambo. Ukikaribia, unapandisha bendera ya njano, na ile ya nchi uliyoifikia, kisha wanakuja polisi na watu wa forodha kutazama pasipoti, orodha ya mabaharia na hati ya mashua. Mabaharia husimulia kwamba pengine ofisa huuliza kama kuna kazawadi kadogo, na asiyetaka kutoa hutabasamu tu na kungoja. Algeria hutaka viza mapema. Libya, tangu vita vya mwaka 2011, wengi huizunguka kwa mbali. Katika Mlango wa Gibraltar, wanaotisha sasa ni nyangumi wauaji, ambao tangu mwaka 2020 wamekuwa wakivunja usukani wa mashua za matanga na kuzamisha baadhi yake. Manahodha hushauriwa kupita maji mafupi, karibu na pwani.

Lipo jambo moja ambalo wageni wale labda hawakumwambia. Kutoka Mahdia, Tunisia, hadi kisiwa cha Lampedusa, Italia, ni kama kilomita 140, safari ya siku moja na usiku wake kwa tanga. Mzungu mwenye mashua huivuka kwa muhuri mmoja. Kijana wa Tunisia aliyezifunga kamba za mashua hiyo gatini hawezi kumfuata bila viza, na hupati viza kwa kuomba tu. Hispania iliwawekea Wamoroko sharti hilo mwaka 1991. Tangu hapo maelfu wamevuka usiku kwa mashua mbovu, kwa bei kubwa kuliko nauli ya ndege, na wengi wamezama. Kwao huitwa harraga, yaani wachomaji, kwa sababu baadhi yao huchoma karatasi zao kabla ya kupanda, ili wakikamatwa isijulikane warudishwe wapi.