Tangu 1966, mama mboga bado yuko nje ya bima

Mwaka 1966, Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyounda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF. Ilimlenga aliyeajiriwa na kupokea shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, na enzi hizo waliofikisha kiwango hicho walikuwa wachache. Mkulima, mvuvi na mchuuzi walisubiri hadi 1972, walipofunguliwa mlango wa kujiunga kwa hiari.

Hapo kwenye hiari ndipo mambo yalipokwamia, na hadi leo hayajakwamuka. Mwajiriwa hukatwa kabla hajautia mshahara mkononi. Mama mboga anayeuza sukuma wiki katika soko la Kongowea, Mombasa, hana mtu wa kumkata; itabidi achomoe mwenyewe kutoka kwenye faida ile ile inayotakiwa kununua unga na kulipa karo.

Kwa miaka mingi pengo hilo halikuuma sana, kwani serikali ilikuwa imefuta ada katika hospitali za umma tangu 1965. Hali ilibadilika Desemba 1989, serikali ilipowataka wagonjwa wachangie gharama. Watu waliacha kwenda kutibiwa kwa wingi, hata mwaka uliofuata ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa kwa muda, kisha ikarudi. Mwaka 2004 ilishushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. 2013 ikaondolewa huko kabisa, na kina mama wakaanza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma.

Wanawake wawili waliojifungulia Pumwani, Nairobi, mwaka 2010 hawakubahatika hivyo. Walizuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Kesi yao iliamuliwa Septemba 2015, Mahakama Kuu iliposema kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kukiuka Katiba. Kwangu mimi, hukumu hiyo inafaa kusomwa na kila anayeandika sheria za afya nchini.

Nafasi ya kuliziba pengo ilikuwepo. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima kwa wote uliosukumwa na Waziri wa Afya Charity Ngilu, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Miaka 19 ikapita. Oktoba 2023 Rais William Ruto akatia saini sheria iliyoizika NHIF na kuleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Julai 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha, Mahakama ya Rufaa ikausitisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi.

Mwajiriwa sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, bila kikomo. Aliyelipwa shilingi 50,000 alikuwa akikatwa 1,200. Sasa ni 1,375. Analalamika, na ana haki, lakini angalau jina lake liko kwenye mfumo. Mama mboga huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha hupewa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, nacho hutakiwa akilipe cha mwaka mzima kwa mkupuo. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliofuata unamkopesha pesa hizo, yaani anaingia kwenye deni kabla hata hajaugua.

Akishindwa, bima yake ni kundi la WhatsApp. Picha ya mgonjwa inatumwa, chini yake nambari ya paybill, na mweka hazina anabandika orodha kila jioni: huyu 200, yule 50. Ukarimu huo umeokoa wengi. Lakini haki ya matibabu imeandikwa katika Kifungu cha 43 cha Katiba, na haikuandikwa kwa ajili ya wenye marafiki wengi tu.

Wabunge wanaweza kuirekebisha sheria hii. Mama mboga hupata pesa kila siku na hutumia M-Pesa kila siku. Mruhusuni alipe bima kwa siku, bila mkopo, na asiye na uwezo kabisa alipiwe na serikali.