JINA NA NASABA: KUPIMA DAI LA UZAO WA KIVUI KATIKA NCHI YA NUU

Watu wanaotafuta asili yao aghalabu hupenda safari hiyo iishie kwa mtu mashuhuri. Huko Ireland jamaa nyingi hujihesabu kuwa wazao wa Niall wa Mateka Tisa, mfalme ambaye mapokeo humweka karibu na karne ya 5. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, nasaba za miji kadhaa hupandishwa hadi Shiraz. Katika Ukambani wa mashariki, jina lenye mvuto wa namna hiyo ni la Kivui wa Mwendwa, mkuu wa misafara aliyeuawa mwaka 1851. Makala haya yanachunguza jinsi ambavyo dai la uzao wa Kivui lingepasa kupimwa likitolewa katika Nuu, sehemu ya Mwingi iliyo katika Kaunti ya Kitui. Hoja yake ni kwamba kabla ya kuhesabu vizazi, mchunguzi hana budi kuyachungua maneno ya Kikamba yanayotaja ukoo, na kanuni ambayo kwayo watoto hupewa majina.

Habari za Kivui zilizo thabiti ni chache, na nyingi zimetoka kwa mmisionari Ludwig Krapf, aliyeandika jina lake kuwa Kivoi. Krapf alifika kwake Kitui mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba ya mwaka huo akauona mlima Kenya, ambao habari zake alikuwa amekwisha kuzisikia kwa Kivui. Alirudi mwaka 1851, na mwezi Agosti wakafuatana kuelekea mto Tana. Njiani walishambuliwa, Kivui akauawa, naye Krapf akaponea chupuchupu. Jamaa za marehemu walimlaumu mgeni huyo kwa kifo cha mkubwa wao. Yafaa ikumbukwe kwamba Wakamba hawakuwa na mfalme. Ukubwa wa Kivui ulitokana na pembe za ndovu, misafara ya kwenda pwani, na watu wengi waliomfuata. Kwa hiyo mtu ajitajaye kuwa mzao wake hadai kiti cha enzi; hadai ila heshima, na pengine, kama itakavyoonekana, ardhi.

Neno la kwanza la kupimwa ni mbaa. Katika Kikamba neno hili hutangulia jina la mtu, likataja watu wa nyumbani kwake. Kulitafsiri kuwa wazao ni kulibana mno; neno la Kiswahili lililo karibu nalo zaidi ni akina. Asemapo mtu akina Juma, msikilizaji hajui bado kama wanaotajwa ni ndugu wa damu, wake, au wale walio pamoja na Juma. Vivyo hivyo, mbaa Kivui yaweza kuwakusanya watu wa nyumba yake wote. Ukoo mkubwa, ambao ndio unaokataza watu wake kuoana, huitwa mbai. Basi mzee akisema kwamba babu zake walikuwa mbaa Kivui, amesema neno la kweli bila kusema bado kwamba walizaliwa na Kivui. Swali linalofuata ni hili: mbai yao ni ipi, na je, ni ile ile ya Kivui?

Kanuni ya majina huongeza ugumu. Kwa desturi ya Wakamba, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, majina hupishana katika mstari mmoja: Kivui humzaa Mwendwa, Mwendwa humzaa Kivui, na Kivui huyo humzaa Mwendwa mwingine. Ikiwa kumbukumbu itaangusha jozi moja ya majina, mnyororo utasikika mzima kama ulivyokuwa, wala msikilizaji hatagundua kwamba vizazi viwili vimepotea. Kwa kipimo cha miaka 30 kwa kizazi, hiyo ni miaka 60. Hivyo mtu aweza kuhesabu kwa uaminifu hadi kwa Kivui, kumbe Kivui aliyemfikia alizaliwa muda mrefu baada ya mwaka 1851. Pili, kwa njia ya mwana wa pili, jina huvuka pamoja na binti aliyeolewa na kuingia katika mbai nyingine. Kuna uwezekano, basi, kwamba mtu aitwaye Kivui ni mzao wa kweli wa Kivui kwa upande wa kike, na papo hapo si wa ukoo wake.

Kadhalika majina yenyewe si adimu. Mwendwa, maana yake mpendwa, ni jina la watu wengi Kitui. Kitili Mwendwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, aliyeshika kazi hiyo kutoka 1968 hadi 1971, alilichukua, lakini kulingana kwa majina peke yake hakumwunganishi mtu yeyote na baba yake Kivui. Hata majina ya matukio hudanganya. Kyalo, yaani safari, humfaa mtoto aliyezaliwa njiani. Lakini mjukuu wake hurithi jina hilo hata akizaliwa jikoni kwa mama yake. Mchunguzi atakayeona akina Kyalo wengi na kudhani amegundua ukoo wa wasafiri wa misafara atakuwa amejenga juu ya mchanga.

Tena, sheria ya Wakamba haikusema kwamba uzazi ni damu tu. Mwanamke asiye na mtoto aliweza kumwoa mwanamke mwenziwe, aitwaye iweto, na watoto wa iweto wakahesabiwa kuwa wa nyumba ile kwa haki zote za jina na urithi. Halafu ilikuja njaa ya Ngomanisye ya miaka ya 1897 hadi 1899, pamoja na ndui. Jamaa zilitawanyika, na watoto wakalelewa mbali na kwao. Mtu atafutaye damu tupu katika nasaba iliyopita katika njaa ile anatafuta kitu ambacho wenyeji hawakukihesabu kuwa ndio msingi pekee wa ukoo.

Mfano wa Ireland unasaidia hapa, kwa kuwa lugha yake ilipitia jambo linalofanana na hilo. Neno ua lilikuwa na maana ya mjukuu, kisha likapanuka likawa mzao. Wingi wake ni uí, na ndilo lililomo katika jina la Uí Néill, wazao wa Niall. Neno muintir lilitaja watu wa nyumba ya mkubwa pamoja na wafuasi wake, nalo likawa jina la koo kadhaa, kama mbaa. Nasaba hizo ziliandikwa na wataalamu waliotunzwa na wafalme, karne nyingi baada ya Niall, na kuwa mzao wake kulikuwa hoja ya kudai utawala. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo cha Trinity, Dublin, walionyesha kwamba wanaume wengi wa kaskazini-magharibi ya Ireland wana alama moja ya urithi wa kiume, wakaihusisha na Uí Néill. Baadaye umri wa alama hiyo ulikadiriwa kuwa mkubwa kuliko zama za Niall. Ujamaa ulithibitika, baba aliyetajwa hakuthibitika. Uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya mwambao wetu, uliotangazwa mwaka 2023, ulitoa fundisho hilo hilo: uzao wa Kiajemi kwa upande wa waume ulionekana, pamoja na wa Kiafrika kwa upande wa wake, lakini hakuna mwana wa mfalme wa Shiraz aliyetambuliwa kwa jina.

Hatari nyingine imo katika vitabu. David Henige, katika kazi yake ya mwaka 1974 juu ya tarehe za masimulizi, ameeleza jinsi yaliyoandikwa yanavyorudi vinywani mwa watu yakawa kama mapokeo ya kale. Kivui yumo katika vitabu vya shule kwa sababu ya Krapf na mlima. Simulizi ya Nuu inayomtaja pamoja na Mzungu na theluji yafaa ishukiwe. Inayomtaja pamoja na madeni, ndovu, wakwe na mahali pa maji yastahili kusikilizwa zaidi.

Mambo haya si mchezo wa wasomi. Katika sheria ya Wakamba, shamba lililolimwa, yaani ng'undu, ni la aliyelifyeka kwanza na wazao wake, na malisho yaliyotengwa, yaani kisesi, yalidaiwa kwa njia hiyo hiyo. Porini, katika weu, kila mtu alichunga. Tangu Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968, madai hayo yamekuwa yakiandikwa na kupewa mipaka. Mbele ya wazee, mtu aliyeshindana na jirani yake aliweza kuapishwa kwa kithitu, kiapo kilichoaminiwa kumwangamiza mwongo pamoja na jamaa zake. Aliyeapa juu ya babu yake aliyaweka rehani maisha ya watoto wake.

Kwa hiyo karani anayeandika mbaa Kivui kuwa wazao wa Kivui ameongeza kitu ambacho mwapaji hakukisema, na kosa lake laweza kumnyima mtu shamba au kumpa lisilo lake. Utaratibu ulio salama ni kuandika maneno ya mzee kama alivyoyatamka, kuuliza mbai kabla ya majina, kuuliza kila jina lilirithiwa kwa babu yupi, na kukipima kila kizazi kwa njaa iliyokuwapo. Dai litakalosimama baada ya hapo huenda likamfikisha mtu kwa binti wa Kivui, au kwa mfuasi wa msafara wake, au kwa Kivui mwingine kabisa. Kila mmoja wa hao ni babu halali, na historia ya Nuu inamhitaji.