Baada ya Kisu: Historia ya Kuinuka kwa Mgonjwa

Chovae ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayo. Riziki yake hutoka baharini: kuvuta nyavu, kusukuma mashua majini, kubeba samaki. Kazi zote hizo hutegemea misuli ya tumbo. Kwa hiyo, aliyepasuliwa tumbo ana maswali mawili: je, jeraha limefunga? Na je, kazi ataiweza? Insha hii inadai kwamba historia ya upasuaji imelijibu swali la kwanza na kulipuuza la pili.

Mfano mashuhuri wa Afrika Mashariki ni wa mwaka 1879. Robert Felkin, mmisionari kutoka Uingereza, alimshuhudia mganga wa Bunyoro akimpasua mama mjamzito huko Kahura. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikatumika kuosha mikono na tumbo. Jeraha lilifungwa kwa pini saba za chuma, likapakwa dawa ya mizizi. Pini moja ilitolewa siku ya tatu, tatu siku ya tano, na zilizobaki siku ya sita. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Simulizi hili, lililochapishwa Edinburgh mwaka 1884, kwa kawaida hunukuliwa mpaka hapo tu. Siku ambayo mama yule alibeba tena mtungi au jembe haiulizwi.

Hata Ulaya na Marekani, wagonjwa walilazwa kitandani kwa wiki kadhaa. Mwaka 1899, Emil Ries wa Chicago alipendekeza wainuliwe mapema, lakini wengi hawakumfuata. Desturi ilibadilika hasa miaka ya 1940, Daniel Leithauser wa Detroit alipoitetea hoja hiyo na vita vilipoleta uhaba wa vitanda. Ilidhihirika kwamba kulala mno hudhoofisha misuli, hugandisha damu miguuni na kuleta nimonia.

Leo mgonjwa hufundishwa kugeukia ubavu kabla ya kuketi, kuvuta pumzi ndefu, kukohoa akiwa amekumbatia mto, na kutembea kidogo kidogo. Mizigo mizito husubiri takriban wiki sita.

Mazoezi haya hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu wa kuyafundisha. Mvuvi anayerudi Chovae baada ya kupasuliwa bara huzikuta nyavu zilezile zikimngoja. Asipofundishwa, atabaki kuchagua kati ya njaa na ngiri. Kovu linathibitisha kazi ya mpasuaji. Kupona kunathibitishwa na siku anayovuta wavu tena, na siku hiyo nayo inastahili kuandikwa.