Ukibarua na Mgomo wa Mombasa wa 1947
Mgomo mkuu ulioanza Mombasa tarehe 13 Januari 1947, uliowaunganisha wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandarini, relini, hotelini na majumbani, haueleweki bila kuutazama ukibarua, yaani utaratibu wa kuajiriwa kwa siku, ambao uliwafaa waajiri meli zilipopungua lakini ulimwacha mchukuzi bila hakika ya kodi ya chumba wala chakula. Chama cha wafanyakazi hao kilizaliwa ndani ya mgomo wenyewe, jambo ambalo serikali, iliyozoea kuwasaka wachochezi, ilishindwa kulitambua. Chege Kibachia, aliyekiongoza chama hicho kilipokuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kuhamishiwa Kabarnet, ilhali ukibarua wenyewe ulianza kupunguzwa bandarini katika miaka ya 1950.