Mabaka ya Mtoto, Ugonjwa wa Mama

Mwaka 1954 madaktari wawili wa Marekani, McCuistion na Schoch, walichapisha habari za mtoto mchanga aliyekuwa na mabaka yaliyofanana na ya ugonjwa wa lupasi. Baadaye mama yake akashikwa na lupasi kali. Mtoto alimtanguliaje mama?

Jibu lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma ili kumlinda mtoto, na miongoni mwake zaweza kuwamo zile zinazoshambulia protini ya mwili iitwayo Ro. Mama anaweza kuwa nazo bila kuumwa popote.

Mabaka hutokea wiki chache baada ya kuzaliwa, hasa kichwani na kuzunguka macho, mara nyingi yakiwa ya duara. Hapo ndipo watu hukosea: wakiona duara, wanasema ni choa, mtoto anapakwa dawa ya fangasi. Isitoshe, vitabu vingi vimezoea kuyaita mekundu, na kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Malone Mukwende alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alishiriki kuandika *Mind the Gap* (2020), kitabu cha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Nakiri nilifurahi kwamba ni mwanafunzi mwenzetu.

Hapa Gisenyi tuko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na jua huchochea mabaka haya. Kwa mila yetu ya *kwita izina*, mtoto hutolewa nje siku ya nane. Siilaumu mila hiyo. Kuanzia siku hiyo majirani humtazama mtoto usoni, na mmoja wao huenda ni mshauri wa afya wa kijiji. Naona huyo ndiye angefundishwa kwanza.

Mabaka yenyewe hufutika ndani ya miezi 6 hadi 8, kingamwili za mama zikiisha. Moyo haubahatiki hivyo. Kingamwili zilezile zaweza kuharibu njia ya umeme wa moyo, kwa kawaida mimba ikiwa na wiki 16 hadi 26, na kizuizi kikishakuwa kamili hakiponi. Kwa hiyo mtoto mwenye mabaka haya hupimwa moyo, na mama hupimwa damu kabla ya mimba nyingine. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini tuliyoizoea kwa malaria, hupunguza hatari kwa mtoto anayefuata.