Ghala na Kibuyu: Hifadhi ya Chakula katika Meru na Embu

Kila kaumu iliyoishi kwa mavuno ya msimu imelazimika kutafuta njia ya kukifikisha chakula cha miezi ya neema katika miezi ya dhiki. Watu wa Ulaya ya kaskazini waliyazamisha matango katika maji ya chumvi pamoja na shibiti na kitunguu saumu. Watu wa pwani yetu walizitia embe mbichi na ndimu chumvi na pilipili, zikawa achari. Na wenyeji wa Meru na Embu, waishio katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, ambako chumvi ilikuwa adimu, waliitegemea nafaka na kibuyu.

Juu mlimani, penye mvua nyingi, palistawi ndizi na viazi vikuu, navyo viazi vikuu vyaweza kungoja ardhini hata vihitajiwe. Lakini nchi ya chini, Mbeere na Tharaka, yenye joto na mvua haba, iliishi kwa mawele, mtama, wimbi na kunde, na mazao hayo yalikaushwa sana ndipo yakawekwa katika ghala, iitwayo ikumbi, iliyosukwa kwa fito, ikainuliwa juu ya ardhi isipatwe na unyevu, na kuezekwa nyasi. Punje ndogo za wimbi na mawele hazishambuliwi upesi na wadudu, na kwa sababu hiyo ziliweza kukaa miaka, hali mahindi huliwa na fukusi yasipotunzwa.

Ghala ilihifadhi akiba ya mwaka. Kibuyu kilihifadhi chakula cha siku chache. Nafaka ilisagwa juu ya jiwe, unga ukachanganywa na maji, ukaachwa mahali pa joto siku moja au mbili hata uchachuke, kisha ukapikwa ukawa uji, yaani ucuru. Masazo yaliyobakia katika chombo yaliuanzisha uchachu wa mara ya pili, na mwanamke mjuzi aliyapima mambo hayo kwa harufu na ulimi.

Kwa hakika, vijidudu viletavyo uchachu katika kibuyu ni jamaa ya vile vinavyoyageuza matango ndani ya mtungi wa Mzungu: hula sukari, hutoa asidi, na asidi huwadhoofisha wengi katika vijidudu viozeshavyo chakula na viletavyo maradhi. Tofauti ni kwamba matango huhitaji chumvi ili uozo uzuiliwe hata asidi itoshe, na hudumu miezi. Uji hauhitaji chumvi, na hudumu siku chache tu. Aidha, uchachu huyalegeza katika wimbi yale yanayoyafunga madini ya chuma, mwili ukayapata kwa wepesi. Basi haikuwa desturi tupu kwamba mama aliyejifungua alipelekewa kibuyu cha uji.

Thamani ya akiba ilidhihirika katika njaa kuu ya 1898 hata 1900, mvua zilipokosekana na watu wengi wa nchi za chini wakapanda kwenye miteremko ya mlima kutafuta chakula. Baadaye Waingereza walijiimarisha Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Mahindi yakaenea, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka yaliyouza chumvi na bidhaa nyingine. Siku hizi wengi huukamulia uji ndimu ili upate ukali kwa haraka. Ladha hukaribia kufanana, lakini kazi ya uchachu haikufanyika.

Kwa hiyo anayekusudia kuwafundisha akina mama wa Embu au Meru kuhifadhi matango katika chupa, na aanze kwa kuwauliza wazee wao jinsi uji ulivyochachuliwa. Atakuta nusu ya somo lake linajulikana tangu zamani, na lililosalia ni kipimo cha chumvi tu; na wanafunzi wake watalipokea kama elimu inayoendeleza ustadi wa bibi zao, ambao unastahili kuandikwa na kurithishwa kabla wenye kuujua hawajatoweka.