Nyumba Isiyokuwa na Mwenyewe

Mtu wa pwani akitajiwa Kahama siku hizi, fikra yake huenda moja kwa moja kwenye dhahabu: machimbo ya Bulyanhulu yaliyofunguliwa mwaka 2001, na yale ya Buzwagi yaliyoanza mwaka 2009 na kusimama mwaka 2021, mwaka huo huo ambao mji wa Kahama ulipandishwa ukawa manispaa. Khabari hizo ni za kweli, na anayetaka kuzijua atazipata kwa wanaozijua zaidi kuliko mimi. Ninalotaka kulieleza hapa ni jambo jingine la nchi ile, la zamani zaidi kuliko machimbo hayo na, kwa rai yangu, lenye thamani zaidi. Nalo ni namna watu wake walivyokuwa wakikusanyika kila msimu na kufanyiana kazi bila ya ujira, na nyumba waliyokuwa wakiijenga kwa ajili ya watu wote.

Nalieleza kwa sababu mbili. Kwanza, wazee wetu wamelala katika nyumba hizo. Pili, kila nikikaa na watu wa kamati za misikiti na za vyuo nasikia malalamiko yale yale, kwamba watu wa zamani walikuwa na moyo wa kujitolea na watu wa leo hawana. Neno hili husemwa kama kwamba moyo wa kujitolea ni mti wa mwituni unaojiotea wenyewe, wakati mwingine ukaota na wakati mwingine usiote. Historia ya Unyamwezi haisemi hivyo.

Kahama ni upande wa kaskazini wa Unyamwezi, na magharibi yake ni nchi ya Wasumbwa. Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, na Januari 1858 wakapita Msene, magharibi ya Unyamwezi. Burton ameandika kuwa Waarabu wa Omani walipendelea kukaa Kaze, na watu wa Mrima na Waswahili wakapendelea Msene, kwa kuwa kila kundi halikufurahia sana kukaa chini ya macho ya lile jingine. (Khabari hii nawaachia wasomaji wa pwani waipime wenyewe, mimi sikuiona ngeni.) Basi tusidhani kuwa nchi ile ilikuwa mbali na sisi. Watu wetu walikaa huko miaka, wakaoa huko, wakazikwa huko, na Wanyamwezi kwa maelfu waliteremka na pembe na mizigo mpaka Bagamoyo.

Katika vijiji vya Unyamwezi wasafiri hawa waliikuta nyumba inayoitwa iwanza. Sikio la mtu wa pwani litasikia hapo neno letu kiwanja, na maana zake haziko mbali. Burton anaeleza kuwa kila kijiji kilikuwa nazo mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, zimesimama pande mbili za kijiji zikielekeana. Ya wanaume ilikuwa kubwa kuliko nyumba za kawaida, kuta zake zimepakwa udongo, na ndani mna kitanda kirefu cha mbao cha kukalia na kulalia watu wengi pamoja. Wanaume wakishinda humo mchana, wakila, wakivuta tumbaku, wakizungumza, na wengi wakilala humo humo. Speke anaongeza jambo lililo kubwa kuliko hayo yote: kwamba nyumba hiyo ilijengwa na vijana wa kijiji, na kwamba mgeni akifika kijijini, asiyekuwa na jamaa wa kumpokea, huko ndiko aendako.

Msomaji na alipime jambo hili. Kwetu pwani tuna baraza, lakini baraza ni ya nyumba ya fulani, na mwenye nyumba akichoka hufunga mlango na watu wakaondoka. Tuna msikiti, nao ni wakfu, hauna mwenyewe miongoni mwa watu; lakini wakfu una msimamizi, na mara nyingi una hati, na shamba au duka la kuuendesha. Iwanza haikuwa na hati wala shamba. Nyumba ya miti, udongo na nyasi katika nchi ya mchwa haidumu miaka mingi. Lazima iezekwe upya, ikandikwe upya, na nguzo zake zibadilishwe. Kila kizazi cha vijana kililazimika kuijenga tena. Wapagazi na Wangwana waliotoka Unguja na Bagamoyo, waliokuwa wakifika wamechoka, miguu imevimba, walilala chini ya paa lililoezekwa na vijana wasiowajua na wasiotaka kitu kwao.

Sasa tutazame msimu, maana ndio uliokuwa msimamizi wa wakfu huu. Katika nchi ya Kahama mvua huanza kiasi cha Novemba na huisha kiasi cha Aprili. Miezi hiyo ni ya jembe, na jembe la mtu mmoja halitoshi: ardhi imekauka miezi sita, mvua zikinyesha kila mtu anataka kulima siku ile ile, na anayechelewa hukosa. Kwa hiyo majirani na vikundi vya vijana hulima pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwa nyimbo na ngoma zinazoshika mwendo wa majembe. Kisha huja mavuno, na baada ya mavuno kupura mtama na uwele. Watu husimama kwa safu mbili zinazoelekeana juu ya uga uliosawazishwa, kila mmoja na gongo lake, safu hii ikipiga na ile ikiinua. Kazi hii mtu hawezi kuifanya peke yake hata akiwa na nguvu za simba, kwa sababu nafaka ni nyingi na siku ni chache, na mtama uliokaa nje huliwa na ndege na panya. Nafaka ikiisha kuingia katika vihenge, ndipo huja ngoma, mashindano na arusi. Na wakati wa misafara, kiangazi hicho hicho ndicho vijana waliposhika njia ya pwani, wapate kurudi kabla ya mvua nyingine.

Hapa pana tofauti na sisi inayofaa kuangaliwa. Makusanyiko yetu makubwa, kama Maulidi ya Riyadha huko Lamu, yanafuata mwezi mwandamo, nao hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka. Kwa hiyo mara huangukia masika, mara kaskazi, na mpishi wa Maulidi hana budi kujitolea hata kama shambani kwake kuna kazi. Yao yalifungwa na jua na mvua. Kilicho karibu zaidi na yao katika visiwa vyetu ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, wa mwezi wa Julai, ambao masheikh wengine wana maneno nao na sitaki kuingia katika maneno hayo leo; ila watu wa Makunduchi wana desturi ya kuona ni aibu nyumba kukosa mgeni siku ile, na desturi hiyo mtu wa iwanza angeielewa mara moja.

Basi iwanza ilikufa kwa nini? Wengi watajibu kwamba vita viliiua, au wazungu waliivunja. Sivyo. Karne ya kumi na tisa ilikuwa ya vita huko: Watuta waliotoka kusini, kisha vita vya Mirambo mpaka alipofariki mwaka 1884. Kwa khofu hiyo watu walikaa katika vijiji vikubwa vilivyozungushiwa maboma, mlango mmoja au miwili, ng'ombe na watu ndani. Katika kijiji cha namna hiyo nyumba ya wote ilikuwa na maana, kwa kuwa wote walikuwa hapo. Utawala wa Kijerumani uliposhika nchi na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikatulia, watu walitoka ndani ya maboma wakatawanyika, kila mmoja akajenga karibu na shamba lake na kuchunga ng'ombe wake kwa nafasi. Amani ndiyo iliyoiua iwanza. Hakuna aliyeitia moto. Kijiji kilichokuwa kikiizunguka kilihama kidogo kidogo, na vijana wa kuiezeka wakawa kila mmoja yuko kwenye kilima chake.

Nyumba ilikwenda, lakini kazi haikwenda. Mwanachuoni wa Kiingereza, R. G. Abrahams, alikaa katika wilaya ya Kahama baina ya miaka 1957 na 1960, na kitabu chake kuhusu utawala wa Unyamwezi kilitoka mwaka 1967. Alikuta kwamba juu ya watemi na wanyampara waliotambuliwa na serikali, kulikuwa na kitu kingine kisichoandikwa katika daftari lolote, nacho ni ujirani. Majirani ndio waliopura pamoja, ndio waliozika pamoja, na ndio waliohukumiana. Mtu asiyekwenda maziko, asiyetoka wenziwe wanapoitwa kazini, hakupelekwa kwa mtemi. Majirani walimtoza faini, mara nyingi mnyama au chakula, na faini hiyo ililiwa na majirani wenyewe. Akikataa kulipa, alitengwa: hapana atakayekwenda kwake, wala kupura kwake, wala kuazima moto kwake, mpaka alipe. Akilipa, yamekwisha, amerudi katika ujirani.

Hapa ndipo ninapotaka wanaolalamikia moyo wa watu wa leo wasimame kidogo. Tunaita kujitolea, na ni kweli hapakuwa na mshahara. Lakini hapakuwa na uhuru wa kukaa nyumbani pia. Mtu alitoka kwa sababu kesho yeye mwenyewe atawahitaji, na kwa sababu asiyetoka atajulikana kwa jina. Wala sioni aibu katika hilo. Sura ya al-Maida imetuamrisha kusaidiana katika wema na kutusahihishia mpaka, kwamba tusisaidiane katika dhambi na uadui. Na amri ni amri, haikusema asaidie anayejisikia.

Sitaficha pia kilichokuwa ndani ya desturi hiyo kisichotufaa. Mwenye shamba alipoita watu, mara nyingi aliwapikia pombe, na pombe ndiyo iliyowavuta wengine. Muislamu wa huko alikuwa na mtihani ambao sisi wa pwani hatukuujua: akikaa mbali na pombe alionekana kama anayekaa mbali na majirani. Anayetaka kujua ugumu wa dini kwa mtu wa mashambani na aanzie hapo, kabla hajamcheka mtu wa bara kwa Kiarabu chake.

Watemi waliondolewa na serikali mwaka 1963. Mwaka 1974 ikaja Operesheni ya vijiji, na watu wa Shinyanga wakahamishwa kutoka katika nyumba zao zilizotawanyika wakapangwa kwa mistari. Tazama mambo yalivyozunguka: karibu miaka themanini baada ya kutoka ndani ya maboma, walikusanywa tena mahali pamoja, na tena ikajengwa nyumba ya wote, yenye meza, viti, bendera na katibu. Ilijengwa kwa nguvu za watu, kwa jina la kujitolea. Lakini aliyepanga siku ya kazi alikuwa ofisi, si mvua wala majirani, na wengi walikuwa mbali na mashamba yao. Jina lilikuwa lile lile la kazi ya wote, na watu waliijua tofauti.

Dalili ya kwamba waliijua ilionekana haraka. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 silaha zilienea, na wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ukazidi. Kiasi cha 1981 na 1982, katika mpaka wa Kahama na Shinyanga, wanavijiji wenyewe wakaanzisha walinzi waliojulikana kwa jina la sungusungu. Hawakufundishwa na mtu wa mjini. Waliufufua mwano, yaani ule ukelele wa kuomba msaada ambao kila anayeusikia lazima atoke na kuupokeza mbele. Wakafufua faini ya majirani. Wakafufua kutengwa kwa asiyetoka. Wakakusanyika hadharani wakihukumu, bila ya jumba, chini ya mti. Jambo likaenea Unyamwezi na Usukuma kote, na mwaka 1989 Bunge likaliingiza katika sheria za mgambo.

Wengi waliwasifu, na kweli mifugo ilirudi na njia zikapitika. Lakini nguvu ile ile iliyomkamata mwizi iliwakamata pia vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wakatengwa na kufukuzwa, na wengine waliwatuhumu tu kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo wameyapata kwa kupika miaka hamsini kwenye moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi. Hapa majirani walivuka ule mpaka niliousema, wa dhambi na uadui. Wakati wa iwanza mgeni asiyejulikana alipewa mahali pa kulala. Wakati wa sungusungu bibi aliyezalisha nusu ya kijiji alinyimwa moto wa kuazima. Ni ujirani ule ule, na watu wale wale wa safu mbili kwenye uga wa mtama.

Leo kijana wa Kahama anaweza kupata kwa wiki moja machimboni kiasi ambacho baba yake hakukipata kwa msimu mzima, na anaweza pia kurudi bila ya kitu. Mashine za kupurua zinakodishwa. Mwenye nafaka analipa, mashine inafanya kazi, na jioni hapana aliyemwona jirani yake. Makusanyiko yaliyobaki na nguvu ni maziko. Huko bado wanahesabu nani alikuja na nani hakuja, na bado mtu aliyekosa maziko matatu bila ya udhuru hutafutwa na wazee na kuulizwa, kwa upole mara ya kwanza, anakusudia kuzikwa na nani.